Jinsi ya kuchagua nafasi ya oili kwenye beringi za injini ya dizeli yenye nguvu kubwa

Maswali yanayonifikia kuhusu beringi za injini ya dizeli yanafanana mno. "Niweke nafasi kiasi gani?" "Nimeongeza presha ya tabo, sasa nilegeze kidogo?" "Plastigeji imesoma vizuri, kuna haja ya kupima tena?" (Tabo ni mashine inayosukuma hewa ndani ya silinda; plastigeji ni uzi laini wa plastiki unaobanwa ndani ya beringi ili kupima nafasi.) Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya anayefunga injini ya namna hiyo kwa mara ya kwanza, au amezoea injini za kawaida na sasa anataka kuipa dizeli yake nguvu zaidi ya ilizotoka nazo kiwandani.

Nianze na msimamo wangu ili ujue ninakupeleka wapi. Kwenye dizeli, chagua nafasi ya oili (uwazi kati ya beringi na krenki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni) iliyo ndogo kuliko zote ambazo unyoofu wa vipande vyako unaruhusu. Kila unapoongeza, taja sababu: joto, kupinda kwa krenki, au mizunguko mingi. Ukikosa sababu ya kutaja, usiongeze. Ushauri mwingi wa "legeza ndiyo ipumue" umetoka kwenye injini za petroli za mashindano zinazozunguka kwa kasi sana, na ukiuhamishia kwenye dizeli unaweza kukugharimu krenki nzima.

Maneno tutakayotumia

Beringi ninazozungumzia ni zile za vipande viwili vya nusu duara, ambazo mafundi wengi huziita metali. Za meni zinashika krenki kwenye bloku. Za konrodi zinashika konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni, kwenye krenki. Sehemu ya krenki iliyosagwa ikalainishwa ili izunguke ndani ya beringi nitaiita shingo. Tundu ni ule mduara wa bloku au wa konrodi ambamo beringi inakaa. Nafasi ya oili ni kipenyo cha ndani cha beringi iliyofungwa, ukitoa kipenyo cha shingo. Vipimo vyote ni vya milimita. Ukiwa na kitabu cha inchi, kumbuka kwamba elfu moja ya inchi ni mm 0.0254.

Kwa nini dizeli ina mambo yake

Nadharia nitaipita haraka, ila hii usiiruke.

Chukua silinda yenye kipenyo cha mm 102. Eneo la juu la pistoni ni karibu mm za mraba 8,170. Presha ya mwako ikifika bar 200, jambo la kawaida kwenye dizeli iliyoongezwa nguvu, pistoni inasukumwa chini kwa kilonewtoni 163, yaani zaidi ya tani 16. Mzigo huo unapita kwenye nusu ya juu ya beringi ya konrodi, kisha unatua kwenye nusu ya chini ya beringi za meni. Unaobeba vyote hivyo ni utando wa oili wenye unene wa mikroni chache tu.

Utando huo haujengwi na pampu. Pampu inaleta oili tu; kinachoinua mzigo ni mzunguko wa shingo, unaoburuta oili na kuibana kwenye sehemu nyembamba. Ndiyo maana mizunguko michache yenye mzigo mkubwa ni hatari kuliko mizunguko mingi yenye mzigo wa wastani. Dizeli kwa kawaida inafanya kazi humo humo kwenye hatari: mizunguko 1,600 hadi 2,500, tabo imejaa, mguu uko chini.

Nafasi ikiwa kubwa, mzigo unatua kwenye ukanda mwembamba wa beringi na utando unabanwa zaidi. Juu ya hapo, oili inayovuja pembeni inaongezeka kwa kasi: kwa kanuni ya mtiririko, uvujaji unafuata nafasi iliyopandishwa kipeo cha tatu. Ukiongeza nafasi kutoka mm 0.060 hadi 0.090, mara moja na nusu tu, uvujaji unazidi mara tatu. Na oili hiyo hiyo ndiyo inayolisha tabo na nozeli za kupozea pistoni.

Nafasi ikiwa ndogo mno, oili inapata moto, inakuwa nyepesi, na krenki ikipinda kidogo inagusa kingo za beringi. Kazi yako ni kukaa kati ya hatari hizi mbili.

Andaa kwanza

- Maikromita za nje zinazofika kwenye vipenyo vya shingo zako (kwa kawaida mm 50–75 na 75–100), zinazosoma mm 0.001 au angalau mm 0.002, pamoja na vipande vyake vya kuhakikishia usahihi.
- Boa geji (kifaa cha kupimia kipenyo cha ndani) yenye daili. Kaliba ya kawaida ya kuteleza haitoshi kabisa kwa kazi hii.
- Maikromita yenye kichwa cha duara kwa ajili ya kupima unene wa beringi.
- Toki renchi (spana inayopima toki, yaani nguvu ya kukaza) unayoiamini, na kifaa cha kupimia pembe kama bolti zako zinakazwa kwa nyuzi za pembe.
- Daili geji yenye shina la sumaku, na fila geji.
- Bolti au stadi (fito zinazofungwa kwa nati) zile zile zitakazotumika mwishoni, pamoja na mafuta ya kupaka kwenye hesi zake yaliyoelekezwa na mtengenezaji wake.
- Kitabu cha vipimo cha injini yako, daftari, na kalamu isiyofutika.

Kama huna boa geji, azima au peleka kazi kwenye karakana inayochonga krenki na usimame hapo ukiandika. Plastigeji nitaizungumzia chini.

Hatua kwa hatua

1. Safisha, weka alama, kisha acha vipande vipoe.
Kila kepu (kifuniko kinachofunga nusu ya tundu) ina mahali pake na upande wake. Weka alama kabla ya kufungua. Osha kila kitu, hasa njia za oili ndani ya krenki. Toa vizibo vyake na upitishe brashi, kwa sababu uchafu wa kusaga unajificha humo. Ukishamaliza, weka krenki, bloku, konrodi na maikromita chumba kimoja hadi kesho yake. Vipimo vya kiufundi huchukuliwa kwenye nyuzi joto 20. Shingo ya chuma ya mm 85 iliyo na joto la nyuzi 15 zaidi ya hapo inatanuka karibu mm 0.015. Ukiwa unatafuta nafasi ya mm 0.085, hiyo ni zaidi ya sehemu moja ya sita ya kipimo chako chote, na imetoka kwenye joto tu. Maji ya moto ya kuoshea, jua la dirishani, hata mkono unaoshikilia maikromita muda mrefu, vyote vinaingia kwenye hesabu.

2. Pima shingo za krenki.
Kila shingo ipime sehemu mbili kwa urefu, mbele na nyuma, na kila sehemu kwa pande mbili zinazokatana kwa nyuzi 90. Andika namba zote nne. Tofauti ya pande ni uviringo; tofauti ya mbele na nyuma ni ulalo. Vitabu vingi vinavumilia uviringo wa hadi mm 0.013, lakini kwa injini ya nguvu mimi natafuta mm 0.005 au chini kwa vyote viwili. Hakikisha pia kwamba krenki haijapinda: ilaze kwenye vishikio vya umbo la V, weka daili kwenye meni ya katikati, izungushe taratibu.

Kama krenki itasagwa, kuna mambo mawili ambayo mchongaji lazima ayasikie kutoka kwako. La kwanza, kona ya mviringo kati ya shingo na ubavu wa krenki irudishwe na ukubwa wake ule ule. Kona kali ndipo krenki inapoanza kupasuka. La pili, ulize krenki imefanywa ngumu kwa njia gani. Zile zilizotiwa naitrojeni zina gamba gumu jembamba sana, na kusaga mm 0.25 au 0.50 kunaweza kuliondoa, hivyo zitahitaji kutiwa tena.

3. Pima matundu bila beringi.
Funga kepu zikiwa tupu kwa toki ya mwisho, kwa bolti za mwisho, kwa mpangilio wa kitabu. Pima kila tundu kwa wima, kisha kwa mshazari pande zote mbili. Tundu liwe ndani ya mipaka ya kitabu, na uviringo wake usizidi mm 0.013.

Usiipite hatua hii kwa haraka. Ukibadilisha bolti za meni ukaweka stadi zenye nguvu zaidi, tundu linabadilika umbo, kwa kuwa nguvu ya kubana imebadilika. Vivyo hivyo ukiongeza fremu ya kuimarisha kepu. Bloku iliyokuwa sawa kwa bolti za kiwandani inaweza kuhitaji matundu yake yanyooshwe kwa mashine yote kwa pamoja. Mpangilio wa matundu ya meni kwenye mstari mmoja usitofautiane zaidi ya mm 0.013 kati ya tundu na jirani yake, na mm 0.025 kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwenye konrodi, tundu lililovutika kwa wima ni ishara ya konrodi iliyochoka.

Onyo: usipige tupa kepu ili "kubana" nafasi. Na konrodi ambazo kepu yake imetenganishwa kwa kupasuliwa, zile zenye uso uliokwaruza kama jiwe lililovunjika, usisage kabisa uso huo wala usiusimamishe juu ya meza. Chembe moja ikibanjuka, haitakaa tena sawasawa.

4. Weka lengo kwenye karatasi kabla ya kununua beringi.
Anza na kanuni ya zamani ambayo bado inafaa: mm 0.001 ya nafasi kwa kila mm 1 ya kipenyo cha shingo. Shingo ya konrodi ya mm 70 inaanza na mm 0.070, meni ya mm 85 inaanza na mm 0.085. Fungua kitabu cha injini uone kama namba hiyo iko ndani ya mipaka ya mtengenezaji. Kama haimo, kitabu kinashinda.

Kisha rekebisha kulingana na kazi:

Gari la barabarani lenye nguvu iliyoongezwa, linalovuta mzigo: baki karibu na kanuni. Kwa mfano wetu, konrodi mm 0.060–0.075, meni mm 0.075–0.090.

Injini ya mashindano ya kuvuta au ya mbio, inayozunguka zaidi ya 4,000 kwa mzigo kamili: ongeza hadi mm 0.013 juu ya kanuni, si zaidi. Nyongeza hiyo inafidia krenki inayopinda na tundu la konrodi linalovutika kwa kasi. Kama krenki ni nene na bloku imeimarishwa, hata nyongeza hiyo huenda usiihitaji.

Bloku ya aluminiamu: nafasi ya meni inakua injini ikipata moto, kwa sababu aluminiamu inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Hapa fuata mtengenezaji kikamilifu, na uwe upande wa chini wa mipaka yake ukipima baridi.

Jambo moja zaidi, na kwangu ni muhimu kuliko namba yenyewe: beringi zote za meni zikaribiane, tofauti kati ya kubwa na ndogo isizidi mm 0.013. Meni moja iliyolegea inawaachia jirani zake mzigo wake.

5. Oanisha lengo na oili.
Huchagui nafasi peke yake. Unachagua nafasi na oili kwa pamoja. Kwa jumla, chini ya mm 0.060 oili ya daraja la 30 au 40 inafaa. Kati ya mm 0.060 na 0.080 daraja la 40 ndilo la kawaida, kama 15W-40 au 5W-40. Juu ya hapo unaanza kuhitaji daraja la 50. Kumbuka kwamba dizeli inaweza kupitisha mafuta ya kuendeshea kwenye oili, hasa nozeli za kupulizia dizeli zikiwa kubwa au gari likiwa linachoma masizi kwenye kichujio cha moshi. Oili iliyochanganyika na dizeli ni nyepesi kuliko kopo linavyosema. Kwa hiyo, usipange nafasi kubwa ukitegemea oili itabaki nzito.

6. Chagua aina ya beringi.
Kwa kifupi kuna za tabaka mbili, chuma na aluminiamu, zinazodumu na zinafaa kwa kazi ya wastani. Kuna za tabaka tatu: chuma, shaba iliyochanganywa, na juu yake ngozi laini yenye unene wa karibu mm 0.013 hadi 0.025. Ngozi hiyo inameza vumbi na kuvumilia mguso mdogo. Na kuna zile ambazo ngozi yake imepuliziwa ndani ya ombwe, ngumu sana, zinazobeba mizigo ya dizeli za kisasa. Hizi za mwisho hazisamehe uchafu wala mpangilio mbaya, na mara nyingi huja nusu moja tu: ile ngumu ni ya upande wa mzigo. Kwa konrodi ni nusu ya juu, inayokaa kwenye mwili wa konrodi na si kwenye kepu. Soma alama ya nyuma kabla ya kufunga. Ukizigeuza, injini itawaka na kunguruma vizuri tu, kisha beringi laini itapondeka.

7. Funga beringi, kisha pima nafasi halisi.
Hapa ndipo mwongozo mzima unapokutana. Mgongo wa beringi na tundu viwe vikavu kabisa, bila oili wala unyuzi wa kitambaa. Ulimi uingie kwenye mfereji wake, tundu la oili lilingane na la bloku. Funga toki ya mwisho.

Chukua maikromita, iweke kwenye shingo husika, ifunge kwenye kipimo hicho. Ingiza boa geji katikati ya taya za maikromita hiyo na uiwekee sifuri hapo. Sasa iingize kwenye beringi. Kile daili inachosoma ndicho nafasi ya oili, moja kwa moja, bila kujumlisha wala kutoa. Njia hii inaondoa hitilafu ndogo ya maikromita, maana kifaa kile kile kimepima pande zote mbili. Rudia kwa kila shingo na beringi yake, kila moja na sifuri yake.

Pima kwa wima, yaani nyuzi 90 kutoka mstari ambapo nusu mbili zinakutana. Beringi zimetengenezwa zikiwa nyembamba kidogo karibu na mstari huo, hivyo ukipima hapo utasoma nafasi kubwa ya uongo. Hata hivyo pima pia karibu mm 10 kutoka kwenye mstari. Kipimo hicho kiwe kikubwa kidogo kuliko cha wima. Kikiwa kidogo, kepu imesogea au tundu limebanwa pembeni; simama hapo hadi ujue kwa nini.

Mfano wa hesabu, ili ujihakikishe: tundu la konrodi mm 75.010, unene wa kila nusu mm 2.465, hivyo zote mbili mm 4.930. Ndani inabaki mm 70.080. Shingo ni mm 70.005. Nafasi ni mm 0.075. Boa geji ikikupa 0.072 au 0.077, vyote viko sawa, na namba ya boa geji ndiyo ya kuandika, kwa sababu imepima beringi ikiwa imebanwa kweli. Ikikupa 0.050, kuna kitu umekosea kupima au kufunga.

8. Rekebisha nafasi kwa njia halali.
Watengenezaji wengi wa beringi za nguvu huuza seti zenye alama ya X, ambazo zinaongeza mm 0.025 za nafasi kuliko standadi, na nyingine zinazopunguza. Unaweza kuchanganya nusu ya standadi na nusu ya X ili kupata nyongeza ya mm 0.013. Usichanganye nusu ambazo unene wake unatofautiana zaidi ya hapo, na usichanganye za watengenezaji wawili. Kama bado hujafika, mpe mchongaji krenki na namba kamili ya shingo unayotaka; usimwambie tu "toa kidogo". Andasaizi (beringi nene zaidi za shingo iliyosagwa) ya mm 0.25 au 0.50 inakupa nafasi ya kuchagua namba hiyo.

Onyo: usisugue beringi kwa msasa ili ulegeze. Ngozi yake ni mm 0.02 hivi. Ukiitoa, umetoa sehemu uliyoilipia.

9. Pima mchezo wa mbele na nyuma.
Endi pleyi ya krenki kwenye injini nyingi iko kati ya mm 0.10 na 0.30, fuata kitabu chako. Kabla ya kukaza kepu yenye beringi za msukumo, zile zinazozuia krenki kusogea mbele na nyuma, sukuma krenki mbele na nyuma ili nusu mbili zijipange usawa mmoja. Klachi nzito inasukuma krenki kwa nguvu, hivyo usikae kwenye ukomo wa chini. Mchezo wa pembeni wa konrodi upime kwa fila geji.

10. Funga mwisho na uamshe kwa utaratibu.
Bolti za aina inayovutika, tumia mpya kwa ufungaji wa mwisho. Za zamani zilizo ndani ya urefu unaoruhusiwa zibaki kwa kupimia. Paka mafuta ya kufungia kwenye uso wa beringi na shingo. Baada ya kila kepu, zungusha krenki kwa mkono. Ikikazana ghafla, kepu uliyofunga sasa hivi ndiyo ya kuchunguza.

Kabla ya kuwasha, jaza oili kwa presha kutoka nje au zungusha injini bila kuipa mafuta hadi geji ionyeshe presha. Baada ya saa chache za kwanza, badilisha filta na uikate uone ndani.

Makosa ninayoyaona tena na tena

Kutegemea plastigeji peke yake. Ni nzuri kama shahidi wa mwisho, kwa sababu inaweza kukuonyesha kwamba umefunga kepu kinyume. Lakini inapima ukanda mmoja tu, haionyeshi umbo la tundu, na kuisoma kwa usahihi zaidi ya mm 0.013 ni kubahatisha. Ukiitumia, vipande viwe vikavu na krenki isizunguke hata kidogo.

Kupima kwa toki ndogo "ili kuokoa bolti". Tundu lisilobanwa kikamilifu si tundu utakaloendesha.

Kulegeza beringi zote kwa sababu presha ya tabo imeongezwa. Presha ya tabo inaongeza mzigo, na mzigo unataka beringi bora, oili safi, taimingi (wakati wa kupulizia dizeli kwenye silinda) ya busara. Kuvuta taimingi mbele kunapandisha presha ya juu ya silinda haraka sana, na nusu ya juu ya konrodi ndiyo inayolipa.

Kusahau dampa ya krenki, kile kipunguza mtetemo. Mpira wake ukishachoka, krenki inatetemeka kwa msokoto, na unaweza kubadilisha beringi za meni mara nyingi utakavyo bila kupata dawa.

Matatizo na pa kuangalia

Presha ya oili iko chini injini ikipata moto. Kipimo kinachotumiwa na wajenzi wengi ni psi 10, karibu bar 0.7, kwa kila mizunguko 1,000. Kama nafasi zako zimeandikwa na ziko sawa, usirukie beringi. Angalia vali ya kupunguza presha, bomba la kunyonya linalovuta hewa, nozeli ya kupozea pistoni iliyotoka mahali pake, vizibo vya njia za oili ulivyosahau kurudisha, na dizeli ndani ya oili.

Presha iko juu sana na oili inapata moto kupita kawaida. Oili ni nzito kuliko nafasi inavyohitaji, au nafasi ni ndogo. Jaribu daraja jepesi kabla ya kufungua.

Nusu ya juu ya konrodi imechakaa katikati, ya chini ni nzima. Mzigo wa mwako umezidi: taimingi iko mbele mno, au injini inasukumwa kwa mizunguko michache mno. Kulegeza nafasi kutaongeza tatizo.

Nusu ya chini ya konrodi ndiyo iliyochakaa. Hiyo ni kasi, si mwako. Injini imezungushwa kupita kiasi chake.

Uchakavu kwenye kingo karibu na mstari wa kuungana, pande zote. Tundu linajifinya likivutwa kwa kasi, au kepu imehama. Angalia bolti, kisha pima tundu upya.

Uchakavu ukingo mmoja tu wa beringi. Konrodi imepinda, au shingo ina ulalo. Ukiuona kwenye meni zilizopangana, kagua mstari wa bloku.

Mgongo wa beringi unang'aa kama kioo au una madoa ya msuguano. Beringi inatembea ndani ya tundu: tundu ni kubwa, toki ilikuwa ndogo, au bolti zimevutika.

Mikwaruzo ya kuzunguka yenye chembe zilizozama. Uchafu, na mara nyingi umetoka ndani ya krenki yenyewe au kwenye kipoza oili cha injini ya zamani iliyovunjika. Kipoza oili hakisafishiki vya kuaminika baada ya beringi kufa, weka kipya.

Krenki inazunguka vizuri kwa mkono, lakini inakazana kepu za meni zikishafungwa zote. Legeza moja moja ukianzia katikati. Ile inayoachia krenki ikilegezwa ndiyo yenye taarifa: ama kuna uchafu nyuma ya beringi yake, ama bloku yako inahitaji kunyooshwa matundu kabla hujaendelea.